Shule ya Watoto wa Matambara, na Jinsi Habari Zake Zilivyookolewa

Upande wa mashariki wa mji wa London, katika mtaa wa Mile End, uko mfereji mkubwa uliochimbwa kwa ajili ya mashua za mizigo, nao huitwa Regent's Canal. Ulifunguliwa mwaka wa 1820. Kando ya maji yake yamesimama maghala matatu ya matofali yaliyoshikana, na upande wa pili yaelekea barabara iitwayo Copperfield Road. Mgeni apitaye njia hiyo haoni jambo la ajabu. Ni majengo ya kuwekea shehena, hayana nakshi wala mnara. Walakini humo ndani, tangu mwaka wa 1877 mpaka mwaka wa 1908, makumi ya maelfu ya watoto maskini walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila kulipa hata peni moja, na wengi wao walikula humo chakula ambacho nyumbani kwao hakikuwako.

Leo majengo hayo ni nyumba ya makumbusho. Kwamba yangali yamesimama ni jambo listahililo kuelezwa, maana yalikaribia kubomolewa, na lau yangalibomolewa, sehemu kubwa ya habari za watoto wale ingalipotea pamoja nayo. Mfalme huwa na mwandishi wake, na jemadari huwa na wapiga mbiu wake. Mtoto asiye na viatu hakuna aliyeajiriwa kuandika mambo yake.

Jina la Shule

Shule za namna hii zilikuwa nyingi Uingereza katika karne ya kumi na tisa, na kwa Kiingereza ziliitwa Shule za Matambara. Jina hilo lilianza kutumika mwaka wa 1840 hivi, wakati chama cha London City Mission kilipokuwa na shule chache kwa watoto ambao nguo zao zilikuwa zimeraruka hata hawakupokewa mahali pengine. Halikuwa jina la heshima, lakini lilisema kweli. Mtoto aliyekuja miguu mitupu, mchafu, tena ana njaa, hakuulizwa habari za ada.

Mtu atajwaye mara nyingi kuwa aliitangulia kazi hii ni John Pounds, mshona viatu wa mji wa bandari wa Portsmouth. Alizaliwa mwaka wa 1766. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alitiwa uanagenzi katika kazi ya kuunda merikebu. Alipofikia miaka 15 akaanguka ndani ya gudi, akaumia vibaya, akawa kilema maisha yake yote. Ndipo akajifunza kushona viatu. Tangu mwaka wa 1818 hivi, akiwa ameketi na kiatu magotini, aliwafundisha watoto wa mji waliojibanza kumzunguka katika kijumba chake chembamba. Yasemekana alikuwa akipita gatini na viazi vya kuoka mfukoni, ili amvute mtoto mkaidi aje kusoma. Hakuchukua malipo. Alikufa tarehe 1 Januari 1839.

John Pounds hakuandika kitabu. Lau si fundi viatu mwenziwe aliyechora picha yake akiwa katikati ya wanafunzi, huenda jina lake lingalizikwa naye. Picha hiyo ilichapishwa, na nakala zake zikaenea. Mchungaji mmoja wa Scotland, Thomas Guthrie, aliiona imetundikwa ukutani katika nyumba ya wageni huko Anstruther, akasoma maelezo yake, akaona haya kwa uchache wa kazi yake mwenyewe. Mwaka wa 1847 Guthrie alitoa kijitabu cha kuwaombea watoto wa mitaani, na shule ya namna hiyo ikafunguliwa Edinburgh. Hivyo karatasi moja ya picha ilifanya kazi ambayo watu wa Portsmouth walioiona kwa macho yao hawakuifanya. Kijumba chenyewe hakiko tena. Kilichoko Portsmouth sasa ni mfano wake, uliojengwa upya karibu na kanisa lililopewa jina lake.

Kule London, shule zilizotawanyika ziliunganishwa mwezi wa Aprili 1844, kukawa na Chama cha Muungano wa Shule za Matambara. Rais wake alikuwa Lord Ashley, ambaye baadaye alirithi cheo cha Earl wa Shaftesbury, mtu yule yule aliyeshindania bungeni sheria za kuwatoa watoto katika machimbo ya makaa. Alikaa katika kazi hiyo hata alipokufa mwaka wa 1885. Mwandishi Charles Dickens naye aliizuru shule ya Field Lane mwaka wa 1843, akaandika kwamba katika mambo yote ya kutisha aliyoyaona London, ni machache yaliyomshtua kama hali ya watoto wale. Hukadiriwa kwamba watoto 300,000 hivi walipita katika shule hizo za London kufikia mwaka wa 1881.

Haidhuru kusema pia kwamba si wote waliozisifu. Mwaka wa 1850 Henry Mayhew, aliyekuwa akichunguza maisha ya maskini kwa ajili ya gazeti la Morning Chronicle, alidai kwamba shule hizi hazikupunguza wizi, na kwamba kuwakusanya pamoja watoto wezi na wasio wezi kuliweza hata kuuzidisha. Wenye shule walimjibu kwa hasira, na hoja hiyo haikumalizika.

Barnardo Aja London

Shule ya Copperfield Road ilianzishwa na Thomas John Barnardo. Alizaliwa Dublin, katika nchi ya Ireland, mwaka wa 1845. Alipofika London mwaka wa 1866 nia yake ilikuwa kujifunza udaktari, kisha aende China kuwa misionari. Mwaka ule ule kipindupindu kiliingia upande wa mashariki wa mji, kwa sababu ya maji machafu ya kunywa, kikaua watu zaidi ya 3,000 katika mitaa ile. China hakwenda kamwe. Mwaka wa 1867 alifungua shule ndogo ya maskini katika Stepney, na mwaka wa 1870 akafungua nyumba ya kulala wavulana wasio na kwao.

Hadithi ijulikanayo zaidi ni ile ya mvulana aitwaye Jim Jarvis, ambaye usiku mmoja hakutaka kuondoka shuleni kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Yeye, kama Barnardo alivyosimulia mwenyewe, alimwongoza mwalimu wake mpaka juu ya paa, akamwonyesha wavulana wengine wamelala hapo nje katika baridi. Hadithi ya pili ni ya John Somers, mwenye umri wa miaka 11. Alikuja kuomba nafasi, akaambiwa nyumba imejaa. Baada ya siku mbili alionekana amekufa kwa njaa na baridi. Tangu hapo mlangoni paliandikwa kwamba mtoto asiye na msaada hatakataliwa kamwe.

Kazi ya Shule

Mtu aweza kuuliza, kwa nini shule ya sadaka ifunguliwe mwaka wa 1877, hali Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha Sheria ya Elimu mwaka wa 1870? Jawabu limo katika sheria yenyewe. Iliamuru kwamba kila wilaya iwe na shule za kutosha, lakini iliziruhusu shule hizo kutoza ada, mradi isizidi peni 9 kwa juma. Mwaka wa 1880 kuhudhuria shule kulifanywa kuwa lazima, na ada bado ilitozwa; iliondolewa katika shule nyingi kwa sheria ya mwaka wa 1891 tu.

Peni chache ni kitu gani? Katika bandari ya London, mpakuzi wa meli aliajiriwa kwa saa, si kwa mwezi. Asubuhi wanaume walisongamana langoni, msimamizi akawachagua baadhi yao, waliosalia wakarudi mikono mitupu. Mwaka wa 1889 wapakuzi hao waligoma ili walipwe peni 6 kwa saa. Kabla ya hapo malipo ya kawaida yalikuwa peni 5. Basi baba mwenye watoto wanne, akitakiwa kulipa peni 2 kwa kila mmoja, alihitaji ujira wa zaidi ya saa moja na nusu kila juma kwa ajili ya shule tu, na yalikuwako majuma ambayo hakupata saa hata moja. Mama angefanya nini? Mkate hununuliwa kwanza.

Kwa hiyo Barnardo alipanga maghala ya Copperfield Road, akayageuza kuwa madarasa. Hakuchagua maghala kwa kuyapenda. Yalikuwa makubwa, nayo yalikuwa karibu na watoto. Masomo yalikuwa ya msingi: kusoma, kuandika, kuhesabu na Maandiko Matakatifu. Kama ilivyokuwa desturi ya shule za wakati ule, watoto waliandika juu ya vibao vya mawe ambavyo hufutwa na kutumiwa tena, kwani karatasi ilikuwa ghali. Waliimba hesabu kwa pamoja mpaka wakazishika kwa moyo.

Lakini jambo lililowavuta watoto, hasa wakati wa majira ya baridi, lilikuwa chakula. Asubuhi walipewa mkate na kakao. Mchana walipewa supu ya dengu au ya njegere pamoja na mkate, na siku nyingine wali au maharagwe. Walimu walijua kwamba mtoto mwenye njaa husikia sauti ya mwalimu bila kusikia maneno yake. Tena shule iliwasaidia wanafunzi wakubwa kutafuta kazi yao ya kwanza, nalo lilikuwa jambo kubwa katika mtaa ambao kijana asiye na mdhamini alibaki langoni pa bandari kama baba yake.

Shule ilikua hata ikawa kubwa kuliko shule zote za matambara katika London. Mwaka wa 1896 wanafunzi wa mchana walikuwa 1,075, na watoto waliofika katika mafundisho ya Jumapili walikuwa 2,460. Hesabu hizo zifikiriwe pamoja na ukubwa wa maghala: kelele zake, joto lake, na harufu ya nguo zilizonyeshewa mvua.

Ilifungwa mwaka wa 1908, bila ugomvi mkubwa. Barnardo mwenyewe alikuwa amekufa mwaka wa 1905. Kufikia wakati huo serikali ilikuwa imekwisha kufungua shule za kutosha katika mtaa ule, tena bila ada, na kazi ya maghala ikawa imekwisha.

Nani Aliandika Habari Hizi?

Hapa ndipo penye taabu kwa mtu atakaye kuijua shule hii kwa hakika. Habari nyingi zilizoandikwa za watoto wale ziliandikwa na watu waliokuwa wakiomba fedha za kuwalisha. Mwombaji wa sadaka hasemi uongo kwa lazima, lakini huchagua la kusema. Atasimulia mtoto aliyekonda kuliko wote, na yule aliyeokoka kwa namna ya ajabu kuliko wote. Mamia waliokuja shuleni miaka minne, wakajifunza kusoma gazeti, wakaenda kazini, hawakumtia mtu machozi, kwa hiyo hawakuandikwa.

Jambo hili lilitokea waziwazi katika habari ya picha. Barnardo aliajiri wapiga picha, na picha za watoto aliowapokea, zaidi ya 55,000, zilipigwa kati ya miaka ya sabini ya karne ile na kifo chake. Mwanzoni baadhi zilitengenezwa ziwe mbili mbili na kuuzwa ili kupata fedha: ya kwanza mtoto akiwa na matambara na nywele timtim, ya pili mtoto yule yule akiwa safi, amevaa nguo nzuri, anafanya kazi. Wapinzani wake, mmojawapo mchungaji wa Kibaptisti jina lake George Reynolds, walimshtaki kwamba picha hizo zilikuwa za udanganyifu, na wakaongeza mashtaka mengine mazito juu ya fedha na juu ya jinsi watoto walivyotunzwa. Shauri lilipelekwa mbele ya wasuluhishi mwaka wa 1877, mwaka ule ule shule ya Copperfield Road ilipofunguliwa. Wasuluhishi walimtoa hatiani katika mashtaka makubwa. Katika habari ya picha hawakumtetea: walisema kwamba kumvika mtoto matambara ambayo hakuja nayo, au kuyararua zaidi yaonekane mabaya, si haki. Barnardo alijitetea kwamba picha ilionyesha hali ya watoto wa namna ile, si lazima ya mtoto yule mmoja.

Utetezi huo una uzito wake, lakini haumfai mwanahistoria. Picha yaweza kusema kweli juu ya umaskini wa London na uongo juu ya mtoto aliyesimama mbele ya kamera, na mtoto huyo naye alikuwa mtu, mwenye jina na mama. Tangu shauri lile picha zilipigwa zaidi kwa ajili ya kumbukumbu, kila mtoto na maelezo yake, na hizo ndizo zilizokuja kuwa na thamani kubwa zaidi, kwa kuwa wajukuu na vitukuu wamepata kuona humo sura za wazee wao.

Tena picha hizo ni za watoto waliochukuliwa kukaa katika nyumba za Barnardo. Mwanafunzi wa Copperfield Road aliyerudi kwa mama yake jioni, kwa kawaida hakupigwa picha ya namna hiyo. Kilichosalia cha kumshuhudia ni hesabu za mwaka, kumbukumbu za wazee zilizosimuliwa kwa watoto wao, na kuta zile tatu.

Kuta Zaokolewa

Baada ya shule kufungwa, maghala yalirudia kazi za dunia. Yalitumiwa kwa shughuli mbalimbali za viwanda, mpangaji mmoja akitoka na mwingine akiingia. Mwaka wa 1940 na 1941 ndege za Kijerumani zilimwaga mabomu juu ya mashariki ya London usiku baada ya usiku, zikateketeza mitaa mizima, nayo maghala yakasalia. Kilichotaka kuyaangusha hakikuwa bomu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini yalikuwa yamechakaa, mashua za mizigo zilikuwa zimekoma kupita mferejini, na yakawa katika hatari ya kubomolewa.

Waliozuia hawakuwa wakuu wa serikali. Walikuwa wenyeji wa mtaa ule, waliokusanyika, wakaunda chama cha udhamini, wakaeleza kwa nini jengo lisilo na uzuri wowote lilistahili kuachwa. Hoja hiyo ilikuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Ni rahisi kuomba fedha kwa ajili ya kanisa la kale au ngome, kwa kuwa macho yenyewe hushawishika. Ghala huonekana kuwa ghala tu, na kila aliyelitazama aliona nafasi tupu penye uwezekano wa jambo jipya. Tena si kila mtu mashariki ya London alipenda kukumbushwa kwamba babu yake alilishwa supu ya sadaka. Hata hivyo walishinda, na mwaka wa 1990 milango ilifunguliwa, jina likawa Makumbusho ya Shule ya Matambara. Hawakulificha neno matambara, wala hawakulipamba, na hapo walifanya vema.

Ndani yake darasa moja limerudishwa kama lilivyokuwa zamani: madawati ya mbao yaliyopangwa safu safu, ubao mweusi, vibao vya kuandikia. Wanafunzi wa shule za siku hizi huletwa na walimu wao, wakaketi humo, na mbele yao husimama mtu aliyevaa kama mwalimu wa zama za Malkia Victoria, mkali wa macho, asiyeruhusu kunong'ona. Wanaandika herufi kwa mkono wa kuume, wanasoma hesabu kwa pamoja, wanasimama kwa amri moja. Njia hii ya kufundisha historia ina faida, maana mtoto hukumbuka alichoketi juu yake kuliko alichosomewa. Ina hatari yake pia: ukali wa mwalimu huigizwa kwa urahisi na watoto huucheka, lakini njaa haiigiziki. Kwa sababu hiyo ni lazima wenye makumbusho waeleze kwa maneno kile ambacho darasa haliwezi kuonyesha, yaani kwamba aliyeketi katika dawati lile mwaka wa 1885 pengine alikuwa akisikiliza harufu ya supu kutoka chini.

Matofali ya kando ya maji hayadumu bila gharama. Baada ya miaka thelathini hivi ya kupokea wageni, maghala yalihitaji matengenezo makubwa. Fedha nyingi zilitoka katika mfuko wa urithi unaolishwa na bahati nasibu ya taifa, na jengo likafungwa kwa ajili ya mafundi. Mwaka wa 1865 mtoto wa Mile End angalishangaa kusikia kwamba watu watanunua tikiti za bahati nasibu, na sehemu ya peni zao itakwenda kutengeneza shule ya maskini. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Milango ilifunguliwa tena mwaka wa 2023. Madarasa ya watoto yakaanza kuja kama kwanza, na wakimaliza somo huviacha vibao juu ya madawati, vimefutwa, kwa ajili ya darasa lijalo.